Kusubiri si kuahirisha

Kazi mpya, ndoa, shule, mtoto, nyumba: kila mmoja wetu ana jambo linalongoja jibu. Mhariri wetu amerudi kutoka Kasokola, Mpanda, na kipimo rahisi cha kujua lini kungoja ni busara na lini ni kujidanganya.

Wahenga wetu walikuwa watu wa ajabu kidogo. Walituambia haraka haraka haina baraka, kisha wakageuka wakatuambia ngoja ngoja huumiza matumbo. Wakasema subira yavuta heri, halafu kabla hatujakaa vizuri wakatutisha kwamba chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Sasa sisi tufuate ipi?

Najua kwako hili si swali la darasani. Una mchumba wa miaka minne na ndugu wameshaanza kuuliza. Umepata nafasi ya kusoma shahada ya pili, lakini bosi ameshakudokeza kwamba ukiondoka, kiti chako hakitakungoja. Mna mtoto mmoja na mnajadili wa pili, mmoja anasema "tujipange kwanza", mwingine anajibu "tutajipanga hadi lini?" Kila mwezi maswali ya namna hii yanatua kwenye meza yangu, na ukiyachuja yote linabaki moja tu: je, ninasubiri, au ninaahirisha?

Kwa nje mambo haya mawili yanafanana kama mapacha. Anayesubiri amekaa, na anayeahirisha amekaa. Wote wawili ukiwauliza wanakujibu "bado bado". Tofauti iko ndani, na mimi niliiona vizuri mahali ambapo sikutegemea kabisa: kwenye stoo ya mahindi ya mama mkwe wangu.

Mahali penye mvua moja

Kasokola ni kata ya Manispaa ya Mpanda, mkoani Katavi, magharibi mwa nchi yetu. Mkoa wenyewe bado kijana. Ulianzishwa mwaka 2012 ulipomegwa kutoka Rukwa. Ukitokea Dar unaweza kupita Tabora kwa barabara ya lami, au kama una muda na moyo wa safari ndefu, kuna tawi la reli linalochepuka Kaliua kuelekea Mpanda, ambalo Waingereza walilijenga kwa ajili ya mgodi wa madini ya risasi. Huko ndiko alikozaliwa mume wangu, na huko ndiko tulikokwenda likizo mwezi Julai, tukiwa na jambo zito kichwani. Nitalieleza baadaye kidogo.

Kitu cha kwanza ambacho mtu wa pwani anajifunza Kasokola ni kwamba mvua ni moja. Sisi tumezoea vuli na masika. Ukikosa hii unategemea ile. Katavi mvua inaanza karibu na Novemba na kuisha Aprili, basi. Ukichelewa kupanda, hakuna nafasi ya pili hadi mwaka unaofuata. Kwa hiyo kazi ya kufikiri inafanyika kiangazi: shamba lipi litapandwa nini, mbegu itatoka wapi, mbolea italipwa kwa fedha gani, vibarua wataitwa lini. Mvua ya kwanza ikidondoka, muda wa kujadiliana umekwisha. Ni jembe tu.

Nadhani wengi wetu mjini tunafanya kinyume chake. Kiangazi tunakula raha, mvua inaponyesha ndiyo tunaanza kikao. Tangazo la kazi linatoka na siku tano za kujibu, ndipo tunaanza kuulizana hivi kweli mimi nataka kazi ya aina gani. Mchumba anasema wazee wake wanakuja wiki ijayo, ndipo tunaanza kutafakari kama huyu ndiye. Hatukuwa na uhaba wa muda. Tulikuwa nao mwingi sana, ila tuliutumia kwa mambo mengine.

Dumuzi aliyemo ndani

Turudi stoo. Kila anayelima mahindi anajua kwamba wakati wa mavuno bei inaanguka, maana kila mtu anauza kwa pamoja. Lori la mnunuzi linasimama kijijini na yeye ndiye anayepanga. Ikifika Desemba, Januari, ghala za wengi zimebaki tupu na bei kwa kawaida inapanda. Hesabu hii haihitaji chuo kikuu. Swali ni kwa nini basi kila mtu asingoje Januari?

Sababu moja ni mdudu. Anaitwa dumuzi, na historia yake iko karibu kabisa na Mpanda. Asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati. Barani Afrika alionekana kwanza Tabora, na wataalamu wakamtambua rasmi mwaka 1981. Wakulima wenyewe hawakusubiri jina la kitaalamu. Walimbatiza "Scania", kama lile lori, kwa jinsi alivyokuwa anashambulia kwa nguvu. Baadaye akasambaa katika nchi nyingine nyingi za Afrika. Ubaya wake ni kwamba anatoboa na kula kwa ndani. Unaweza kuwa na gunia limesimama wima, limefungwa vizuri, ukaliona ni mali. Ukilifungua unakuta unga.

Mama mkwe wangu anasubiri bei nzuri kila mwaka, lakini anavyosubiri ni kazi kweli kweli. Kwanza anaanika hadi mahindi yakauke sawasawa. Akitaka kuhakikisha, anatia punje na chumvi kidogo kavu kwenye chupa kavu na kutikisa. Chumvi ikiganda kwenye chupa, bado kuna unyevu, yanarudi juani. Kisha anapukuchua, anapepeta, anachambua yaliyovunjika. Mengine anayachanganya na dawa, mengine anayaweka kwenye ile mifuko ya kisasa isiyopitisha hewa, ambamo mdudu hufa kwa kukosa pumzi. Na kila baada ya wiki mbili anaingia na tochi, anapapasa magunia, anatazama sakafuni kama kuna vumbi la unga.

Halafu kuna mafungu. La kwanza ni chakula cha nyumbani, haliguswi. La pili linauzwa hapo hapo kwa mahitaji ya lazima. La tatu ndilo linalongoja, nalo lina tarehe: bei ikipanda vya kutosha wakati wowote anauza, ikifika wiki ya mwisho ya Januari anauza hata kama haijapanda. Nikamuuliza, kwa ujanja wangu wa mjini, "Mama, na kama Februari bei itapanda zaidi?"

Akacheka. "Mwanangu, mimi siuzi bei, nauza mahindi. Ya Februari atafaidi wa Februari."

Nilipolala usiku ule maneno hayo yalinigonga. Yeye ana vitu vitatu ambavyo anayeahirisha hana. Anajua anangoja nini. Anajua mwisho wa kungoja ni lini. Na wakati anangoja, mikono yake haijalala. Ukiondoa kimoja kati ya hivyo, unachobakiwa nacho ni gunia la unga.

Hebu jipime. Ukisema "nasubiri wakati muafaka wa kuanzisha biashara", huo wakati muafaka unaonekanaje? Ni akiba kiasi gani benki? Ni wateja wangapi walioahidi? Kama huwezi kuutaja, hata ukija utaupita njiani usiutambue. Na je, wakati unausubiri, unajifunza kutunza hesabu, unatembelea wanaofanya biashara hiyo, unaweka hata kidogo? Au dumuzi yumo ndani anakula taratibu, na wewe unalitazama gunia kwa nje unasema "mtaji wangu upo"?

Akiba ni wakati

Sebuleni hapo hapo shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, hakukubaliana na somo langu zuri. Yeye pia analima. "Shemeji," akaniambia, "kungoja ni kwa mwenye nacho. Mimi nilikopa mbolea. Mavuno yakifika, mwenye deni naye amefika."

Na ana haki. Hii ndiyo sababu ya pili ya watu kuuza kwa hasara, na ni kubwa kuliko dumuzi. Wapo wanaouza mahindi yakiwa bado shambani, mabichi, kwa sababu mtoto anaumwa au ada imefika. Wapo wanaopimiwa kwa lumbesa na kunyamaza kwa sababu hawana siku nyingine ya kungoja. Ukimwambia mtu wa namna hiyo "fanya uamuzi kwa utulivu", unamkebehi tu.

Lakini sikiliza anachotufundisha bila kukusudia. Akiba, tofauti na tunavyoambiwa, si fedha tu. Akiba ni wakati. Mwenye mishahara mitatu pembeni anaweza kukataa kazi inayomdhalilisha na kutafuta nyingine kwa miezi mitatu. Asiye nayo atabaki pale pale, si kwa kuwa ameamua kubaki, ila kwa kuwa kodi ya nyumba ni tarehe moja. Dada anayejitegemea anaweza kumwambia mchumba "naomba nifikirie". Anayelipiwa chumba na huyo huyo mchumba, atafikiria wapi?

Ndiyo maana akina mama wengi nchini wanakomaa na VICOBA. Mkopo ni sehemu moja ya mambo. Sehemu nyingine ni kwamba una mahali pa kukimbilia kabla hujamkimbilia mnunuzi wa lori. Kwa hiyo kama leo huna uwezo wa kungoja, uamuzi wako wa kwanza wa makusudi uwe huo: jinunulie wakati, hata wa wiki mbili. Shemeji yangu mwenyewe, msimu ule, alitenga magunia mawili tu. Hayakumtajirisha. Ila aliniambia ni mara ya kwanza dalali alimuuliza yeye bei badala ya kumpangia.

Walioulizwa swali zito zaidi

Tukiwa Mpanda huwezi kuzungumzia uamuzi bila kuitaja Katumba. Haya ni makazi yaliyoanzishwa katika mkoa huu baada ya mwaka 1972, pale Warundi wengi walipokimbia mauaji nchini kwao. Mishamo iko mkoani humu pia, na Ulyankulu iko Tabora. Walipewa ardhi, wakafyeka, wakalima, wakazaa. Miaka ikapita zaidi ya 30.

Mwaka 2007 Serikali ya Tanzania, ya Burundi na Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi wakawawekea mbele njia mbili: kurudi Burundi au kuomba uraia wa Tanzania. Waliohesabiwa katika makazi hayo matatu walikuwa karibu 218,000, na wengi wao walikuwa wamezaliwa hapa hapa. Hebu fikiria kikao cha familia siku ile. Babu anakumbuka mlima wa kwao na kaburi la baba yake. Mjukuu hajawahi kuuona. Yeye anamjua mwalimu wake wa Katumba na timu anayoshangilia. Mke huenda ana ndugu waliobaki upande ule, mume hana. Takribani wanne kati ya watano walichagua uraia, mmoja kati ya watano akachagua kurudi.

Ninachotaka ukione ni kilichofuata. Mwaka 2010 zaidi ya watu 162,000 walikubaliwa. Lakini mpango wa wakati huo ulitaka wahame makazi na kusambazwa mikoa mingine, na utekelezaji wake ukakwama. Vyeti havikutoka. Vilianza kugawiwa Oktoba 2014, na wakati huo wakaruhusiwa kubaki walipo. Katikati hapo kuna miaka minne ya mtu kuwa ameshajibu na bado hajajibiwa. Unajenga nyumba ya matofali ya kuchoma au unangoja? Unapanda miembe itakayozaa baada ya miaka mitano, au mihogo tu?

Naileta habari hii kwa heshima, maana si ya kulinganisha na kubadili kazi Posta au Mikocheni. Lakini inaweka wazi jambo ambalo vitabu vingi vya "badili maisha yako" vinalificha: uamuzi ni wako, wakati si wako wote. Unaweza kuamua vizuri kabisa na dunia ikachelewa. Ndiyo sababu ni muhimu kutenganisha vitu viwili kichwani. Nilichoamua ni kipi, na kinachongoja watu wengine ni kipi? La pili lisikufanye ujilaumu kuhusu la kwanza. Na katika miaka ya kungoja, mihogo ipandwe. Watu wanakula.

Kuteleza au kuamua

Sasa tuje nyumbani kwetu, wewe na mwenzako. Watafiti watatu wa Chuo Kikuu cha Denver, Marekani, Scott Stanley, Galena Rhoades na Howard Markman, waliandika mwaka 2006 kuhusu tofauti ya kuteleza na kuamua katika mapenzi. Wanasema wapenzi wengi hawaamui kuishi pamoja. Wanateleza. Leo mswaki umebaki, kesho begi, keshokutwa mkataba wa pango wa mmoja umeisha na "mbona unapoteza hela?" Kabla hawajaulizana kama wanataka maisha ya pamoja, tayari wana kochi, deni na labda mimba ya pamoja, na kuachana kumekuwa kugumu kuliko kuendelea.

Usidhani hayo ni ya Wamarekani. Sheria yetu ya Ndoa ya mwaka 1971 ilishayaona zamani. Kifungu cha 160 kinasema mwanamume na mwanamke wakiishi pamoja kwa miaka miwili au zaidi na jamii ikawatambua kama mume na mke, kunakuwa na dhana kwamba wameoana, ingawa dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi mahakamani. Yaani wewe ulikuwa "bado unaangalia angalia", kumbe kalenda imeshakuandikia. Sheria hiyo hiyo inawataka wanaotaka kufunga ndoa watoe taarifa siku 21 kabla. Wengi tunaona ni urasimu. Mimi siku hizi naziona kama wiki tatu ambazo nchi nzima inakuambia: haya, fikiri kwa mara ya mwisho.

Simaanishi kwamba kila aliyeteleza ameanguka. Wapo walioanza na mswaki na leo wana wajukuu. Ninachosema ni kwamba hata kama mmeshateleza, mnaweza kusimama, mkaketi mezani siku moja na kuulizana wazi: tukiwa huru leo, tungechagua hili? Jibu la "ndiyo" lenye sauti linabadilisha nyumba. Jibu la "sijui" pia ni taarifa muhimu, na ni bora lije sasa.

Barua ya kazi na karatasi ya mezani

Nilisema nitaeleza kilichotupeleka Kasokola. Mume wangu alikuwa amepewa nafasi ya kazi Mpanda, mkataba wa miaka miwili, mshahara mzuri kuliko wa Dar, na karibu na mama yake ambaye umri unakwenda. Barua ilimpa wiki tatu za kujibu. Mimi kazi yangu iko Dar. Mtoto wetu alikuwa darasa la pili.

Wiki ya kwanza tulifanya wanachofanya wanandoa wote: tuligombana kuhusu vyombo vya jikoni. Hakuna aliyesema "naogopa". Yeye aliogopa kuitwa mwana aliyemtelekeza mama yake. Mimi niliogopa kuwa mke aliyefuata mume na kupoteza kazi aliyoijenga kwa miaka kumi. Kasokola, baada ya lile somo la stoo, tulichukua karatasi ya daftari na kuandika mafungu yetu.

Lisiloguswa: mtoto hahamishwi katikati ya mwaka wa masomo. La sasa hivi: yeye anaikubali kazi, anaanza Agosti, peke yake. La kungoja: mimi na mtoto kuhamia. Hilo tukalipa tarehe, Jumamosi ya kwanza ya Desemba, na masharti matatu. Nyumba ya kupanga yenye maji ya uhakika. Shule tutakayoikubali wote wawili. Na ofisi yangu iniruhusu kufanya kazi kutoka Mpanda walau wiki tatu kila mwezi. Tukaandika pia: moja lisipotimia, hatuhami, na yeye atafanya mwaka mmoja tu, maana mkataba uliruhusu kuondoka kwa taarifa.

Miezi ile hatukuikalia. Alitafuta nyumba, akaipata. Nilipanda basi Oktoba kuangalia shule mbili, moja nikaipenda. Ofisini niliomba, nikajaribiwa kwa mwezi mmoja. Desemba ikafika. Mawili yalitimia, la tatu halikutimia: ofisi ilinitaka mezani nusu ya kila mwezi.

Hatukuhama. Alirudi Agosti iliyofuata, kwenye kazi yenye mshahara mdogo kuliko ule. Tulipoteza fedha ambazo zingemaliza msingi wa nyumba. Mtoto alimjua baba yake kwa sauti ya simu ya saa mbili usiku kwa mwaka mzima, na mama mkwe wangu alilia siku mwanawe anaondoka. Siwezi kukuambia kwamba tulipata njia bora kuliko zote. Ila siku ile ya Desemba hapakuwa na ugomvi. Karatasi ilikuwa mezani, mwandiko ni wetu wote wawili, na hakuna aliyeburutwa.

Wakati ukija, ukukute

Katavi hiyo hiyo imetupa mfano mwingine, safari hii wa kungoja kwa muda mrefu. Mizengo Pinda, aliyezaliwa mwaka 1948, alimaliza shahada ya sheria Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1974. Ubunge aliupata mwaka 2000. Katikati kuna miaka 26 ya utumishi wa serikali ambao raia wa kawaida hawakuujua. Februari 2008, Waziri Mkuu alipojiuzulu ghafla, yeye akateuliwa, akakaa hadi mwaka 2015. Huna haja ya kumpigia kura mtu ili ujifunze hesabu hiyo: nafasi ilikuja kwa siku moja, maandalizi yalikuwa ya robo karne.

Na kwa wale wanaosema "nitaanza Jumatatu", nina habari njema kidogo. Mwaka 2014 watafiti Hengchen Dai, Katherine Milkman na Jason Riis walionyesha kwamba watu kweli huenda zaidi mazoezini mwanzoni mwa wiki, mwanzoni mwa mwezi au mwaka, na baada ya siku zao za kuzaliwa. Mwanzo mpya wa kalenda hutupa hisia kwamba yule mzembe wa jana hakuwa mimi. Kwa hiyo itumie Jumatatu. Tumia mfungo wa Ramadhani au Kwaresima, ambao tayari umekutengea siku za kujitazama. Ila usiishie kwenye hisia. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer alionyesha mwaka 1999 kwamba nia inapata miguu pale unapoifunga na tukio: "likitokea hili, nitafanya lile." Si "nitaweka akiba", bali "mshahara ukiingia tu, kabla sijatoka benki, elfu hamsini inakwenda kule."

Jiulize kabla hujasema "bado"

1. Ninangoja nini hasa? Kitaje kwa maneno ambayo mtu mwingine anaweza kukagua. "Nikiwa tayari" si jibu.

2. Mwisho wa kungoja ni lini? Andika tarehe. Amua leo utafanya nini siku hiyo kama unachokingoja hakijaja.

3. Wakati ninangoja, mikono yangu inafanya nini? Kama hakuna hata jambo moja ulilofanya mwezi huu, ingia stoo na tochi.

4. Kungoja kwangu kunamgharimu nani? Mchumba wa miaka minne naye ana kalenda yake. Ana haki ya kuijua tarehe yako.

5. Je, ni uamuzi unaorudi nyuma? Kazi unaweza kuiacha, nyumba unaweza kuihama. Mtoto harudishwi. Yale yanayorudishika yaamue upesi, yasiyorudishika yape usiku mwingi.

6. Je, nina uwezo wa kungoja? Kama huna, anza na akiba, hata kama ni magunia mawili.

Ukimaliza, mpe mwenzako karatasi nyingine ajibu bila kuona ya kwako, kisha mlinganishe. Msishangae mkikuta mmekuwa mkingoja vitu viwili tofauti kabisa chini ya paa moja. Wengi ndivyo tulivyo. Ila sasa mnajua, na mazungumzo yanaweza kuanza, yakiwa na tarehe.

Tukutane mwezi ujao.